Shujaa wa tanzia lazima awe mfalme? Jibu kwa kikundi cha maigizo cha Pangani

Swali: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha maigizo hapa Pangani, mkoani Tanga. Tunaandika tamthilia juu ya Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya mwambao dhidi ya Wajerumani, na tumegawanyika. Mwenzetu aliyesoma fasihi hadi kidato cha sita anasema shujaa wa tanzia, yaani tamthilia ya anguko la kuhuzunisha, lazima awe mfalme au wa ukoo wa kifalme, tena mwenye dosari moja inayomwangusha. Kwake Abushiri hafai, kwa kuwa alikuwa mwenye mashamba ya miwa tu, na aliyemwangusha ni Mjerumani. Mwingine anasema hayo ni ya kale, siku hizi hata mchuuzi ni shujaa wa tanzia. Nani yuko sahihi? Na mashujaa wa zamani wanatofautiana vipi na wa sasa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kazi mliyoianza. Nafundisha maigizo hapa Bagamoyo, na swali hili hunifikia mara nyingi kwa sura mbalimbali. Wenzako wote wawili wanabishania cheo. Katika tanzia cheo ni kitu chepesi. Kilicho kizito ni kujua: shujaa anajua nini, anakijua lini, na akishakijua anafanya nini. Hapo ndipo wa zamani na wa sasa wanapoachana, na hapo ndipo mtakapoamua Abushiri wenu ni mtu wa namna gani.

Hoja ya ufalme tuimalize upesi. Asili yake ni Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyezitazama tamthilia za Athens na kueleza zile zilizomgusa zaidi zilijengwaje. Alisema shujaa anayefaa ni mtu mwenye jina kubwa na neema, akamtaja Oedipus, mfalme wa Thebes katika tamthilia ya Sophocles. Lakini uzito wa maneno yake uko pengine: mtu huyo asiwe mwema kupindukia wala mwovu, bali aliye katikati, aangushwe na kosa. Mwovu akianguka hatumhurumii. Mtakatifu akianguka tunachukizwa tu. Tunamhurumia asiyestahili yaliyompata, na tunaogopa kwa sababu tunajiona ndani yake. Ufalme ulisaidia jambo moja, kwamba mfalme akianguka mji mzima unatikisika. Shakespeare alipokuja, Othello wake alikuwa jemadari wa kuajiriwa. Na Brutus wa tamthilia yake ya Julius Caesar, ambaye Watanzania wengi tulimjua kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1963, alimuua rafiki yake kwa sababu hakutaka Roma iwe na mfalme. Sijasikia mtu akisema Brutus hafai kwa kukosa taji.

Hiyo "dosari moja" ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inafundishwa sana na inaharibu waandishi wachanga. Mtu anaamua shujaa wake ana kiburi, basi anaandika maonyesho sita ya kiburi na la saba la adhabu. Hiyo ni hadithi ya kuonya watoto. Mchukueni Oedipus, ambaye Kiswahili kinaye tangu mwaka 1971 katika tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode. Dosari yake ni ipi? Wengine hutaja hasira, maana alimuua mzee njia panda bila kujua kwamba ni baba yake, Laius. Kweli ana hasira. Lakini itazameni tamthilia yenyewe inavyokwenda. Tauni imeingia Thebes, watu wanakufa, na mfalme anataka kuwaokoa. Anaambiwa tauni haitaondoka mpaka muuaji wa mfalme aliyepita, Laius, apatikane. Anaapa kumtafuta na anamlaani mbele ya watu wote, naye hajui kwamba amejilaani mwenyewe. Tangu hapo anauliza. Anamuuliza mtabiri kipofu Teiresias, anamuuliza mkewe Jocasta, mjane wa Laius, anamuuliza mjumbe wa Korintho. Jocasta anakuwa wa kwanza kung'amua kwamba muuaji ni mumewe huyu, tena ni mwanawe. Anamsihi aache. Yeye anaendelea. Mchungaji mzee analetwa na kusema yuko ukingoni mwa neno la kutisha, na Oedipus anamjibu kwamba yeye naye yuko ukingoni mwa kulisikia, lakini lazima alisikie.

Hapo ndipo penye ushujaa wake. Kinachomwangusha ni jambo bora kabisa alilo nalo, ile nia ya kuuokoa mji kwa kuutafuta ukweli, akili ile ile iliyofumbua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililoutesa mji, na kumpa kiti cha ufalme. Na akishajua, hasubiri ahukumiwe. Anachomoa vibanio vya nguo ya Jocasta, aliyekwisha jinyonga, anajitoboa macho, kisha anadai atolewe nje ya mji, sawasawa na laana aliyoitamka. Hukumu ni yake, na anaibeba.

Kwa hiyo mtu wa tanzia ya kale, mara nyingi, hufika mahali akajua. Amechelewa, lakini anajua, na anakitazama alichokijua. Macbeth wa Shakespeare naye, mwuaji asiye na chembe ya huruma, anapata dakika yake ya kuona kwamba maisha aliyoyamwagia damu yamebaki matupu. Antigone, binti wa Oedipus anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme Kreon, yeye anajua tangu mwanzo kwamba atakufa, hata kabla hajamfunika kaka yake udongo, na anayechelewa kujua ni Kreon. Ndiyo maana wengine husema tanzia ya pale ni ya Kreon. Mimi nakubaliana nao kiasi, ila sitaki kuipoteza ile sauti ya binti.

Sasa njoo karne ya 19 na ya 20. Ibsen, mwandishi wa Norway, alichukua laana ya miungu akaweka mahali pake ugonjwa wa kurithi, deni, sheria ya ndoa na maneno ya majirani. Mtu haangushwi tena na unabii, anaangushwa na nyumba aliyozaliwa na jamii aliyokulia. Hilo ni badiliko kubwa, lakini kwa swali lenu linatosha kutajwa, kwa sababu mfano mzuri zaidi uko kwa Arthur Miller wa Marekani.

Februari 1949 Miller alionyesha New York Kifo cha Mchuuzi. Mwezi huo huo aliandika gazetini akitetea kwamba mtu wa kawaida anafaa kwa tanzia sawa na mfalme, maana kinachotugusa ni mtu aliye tayari kutoa uhai wake ili alinde kitu kimoja, heshima yake. Mwenzenu wa pili bila shaka anamtegemea yeye. Willy Loman ana miaka 63, amekuwa mchuuzi wa kampuni moja maisha yake yote, sasa amechoka, hauzi, na kijana aliyerithi kampuni anamfukuza kazi. Ana watoto wawili wa kiume, Biff na Happy, aliowalea juu ya imani moja: kwamba mtu akipendwa na watu, mali itakuja yenyewe. Imani hiyo ni ya uongo, na maisha yake yote ni ushahidi dhidi yake.

Tazameni sasa onyesho la usiku wa mwisho, maana hapo kila kitu kiko wazi. Biff amekwisha jua. Anamwambia baba yake kwamba yeye si mtu mkubwa, na baba pia si mkubwa, wote wawili ni watu wa kawaida kabisa, na anamwomba aiache ile ndoto kabla haijawaua. Willy anakataa, anapiga kelele kwamba yeye ni Willy Loman. Biff analia mikononi mwake. Na Willy anatambua kitu! Anatambua kwamba mwanawe anampenda, jambo ambalo kwa miaka mingi hakuwa na uhakika nalo. Ni utambuzi wa kweli, lakini umesimama nusu ya njia. Badala ya kusema, "mwanangu ananipenda, basi niishi," anasema moyoni kwamba mtoto wa namna hii, akipata zile dola 20,000 za bima ya maisha, atakuwa mtu mkubwa ajabu. Anatoka, anawasha gari, anajiua. Amekufa kwa ajili ya ndoto ile ile iliyomharibu.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka mwione. Oedipus anafika kwenye ukweli na unamwangukia kichwani. Willy anafika mlangoni pa ukweli, anaugusa, kisha anaugeuza kuwa sababu nyingine ya kujidanganya. Anayejua ni Biff, anayesema kaburini kwamba baba yake alikuwa na ndoto zisizo zake. Tunajua sisi tulioketi. Katika tamthilia nyingi za sasa ujuzi umemhama shujaa ukaenda kwa mtu mwingine. Brecht wa Ujerumani alilifanya hilo kwa makusudi. Mama Courage, mchuuzi wa tamthilia yake, anapoteza watoto wote watatu vitani na bado analivuta gari lake la biashara kuyafuata majeshi, hakujifunza lolote. Brecht hakutaka tulie naye. Alitaka sisi tujifunze badala yake.

Lipo pia suala la nani anatazama. Oedipus anaanguka mbele ya wazee wa Thebes, walioko jukwaani karibu muda wote wakiimba, wakiogopa, wakimhurumia. Aibu yake ni ya mji. Willy anazikwa na mkewe, wanawe, jirani mmoja na mtoto wa jirani huyo. Mkewe, Linda, anauliza watu wote aliowajua wako wapi. Siku hiyo ndiyo amelipa fungu la mwisho la deni la nyumba, na mwenye nyumba hayupo. Mimi naona upweke huo unaumiza kuliko kitu kingine chochote katika tamthilia ile, na ni maumivu ambayo Sophocles asingeweza kuyaandika, kwa sababu mji wake haukuwa na mtu wa kuzikwa hivyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuko wapi? Kwangu jibu ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 juu ya vita vya Maji Maji, na nyinyi mnaoandika juu ya vita na Wajerumani mnapaswa kumsoma mpaka kitabu kichakae. Kinjeketile anachukuliwa na Hongo, roho wa mtoni, anatoka na maji na maneno ya kuwaunganisha watu waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Watu wanaamini maji yatazuia risasi. Lakini katika maneno yaliyomtoka akiwa amepandisha, alisema pia kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Anapokumbushwa neno hilo baadaye anashtuka. Kumbe anawatoa watu chini ya mtawala mmoja awapeleke kwa mwingine? Anahisi Hongo amemlaghai. Huo ni utambuzi kamili, wa kiwango cha Oedipus, ila haukuja mwishoni. Umekuja vita havijaanza.

Na hapo Hussein anafanya jambo ambalo sijaliona kwa Mgiriki wala kwa Miller. Shujaa anajua, na kujua kwake hakumsaidii, kwa sababu neno limekwisha kutoka kinywani mwake na sasa lina nguvu kuliko yeye. Anataka wasubiri, wajiandae. Watu hawasubiri. Mwishowe yuko mikononi mwa Wajerumani, vita vimeshindwa, anatakiwa aseme tu kwamba maji yale yalikuwa uongo. Angekuwa Oedipus angesema, maana ukweli ndio kila kitu kwake. Kinjeketile anakataa. Akisema, kesho watoto wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Anatenganisha ukweli wa maji na ukweli wa vita, na anachagua kufa na wa pili.

Kwa mwandishi lipo la kujifunza zaidi hapa. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku za mwanzo kabisa za Maji Maji, kabla watu hawajaishambulia boma ya Mahenge mwishoni mwa mwezi huo. Wa jukwaani anaachwa aishi mpaka vita vinashindwa. Hussein alihitaji aone. Tanzia ilidai shujaa apate muda wa kujua, na mwandishi akampa muda huo.

Basi twende kwa Abushiri. Mwenzenu anasema hafai kwa kuwa aliuawa na Wajerumani. Akikusudia kwamba adui wa nje peke yake hatengenezi tanzia, namuunga mkono kabisa. Wole Soyinka wa Nigeria, katika tamthilia yake ya 1975 juu ya Elesin, mpanda farasi wa mfalme wa Oyo anayepaswa kufa ili amfuate bwana wake, alitanguliza onyo kwamba isisomwe kama ugomvi wa Mzungu na Mwafrika. Yupo afisa Mwingereza anayemzuia Elesin asife, lakini Elesin mwenyewe alikwisha kusita, alikwisha kuomba bibi arusi siku ya kufa kwake. Afisa anafungua mlango uliokuwa wazi. Mkiandika Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kama shetani na Abushiri kama malaika mtapata makofi, na kesho yake hakuna atakayemkumbuka hata mmoja wao.

Fundo mnalo, tena limo ndani ya historia. Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani inashika utawala wa mwambao kwa mkataba na Sultani, na mwambao unawaka. Abushiri anakuwa jina kubwa la vita hivyo, kutoka Pangani hadi huku Bagamoyo, ambako boma lake lilivunjwa na Wissmann tarehe 8 Mei 1889. Anarudi nyuma, anaingia bara. Kisha anatafuta nguvu mpya na kurudi pwani na maelfu ya Mafiti, wapiganaji wa bara. Wapiganaji hao wanapora vijiji vya Uzaramo, vijiji vya watu wale wale ambao vita vilidaiwa kuwa vyao. Watu wanamgeuka. Oktoba 1889 jeshi hilo linavunjwa huko Yombo. Desemba anasalitiwa na kukamatwa, na tarehe 15 ananyongwa Pangani, mjini kwenu.

Kosa lake ni lile. Sioni haja ya kumtafutia kiburi wala tamaa. Mtu aliyeinuka kuukomboa mwambao anauletea moto kwa mkono wake, kwa nia ile ile ya kuukomboa, kama mvuvi anayevuta wavu ulionasa mwambani na kila mvuto unauchana zaidi. Na historia imewapa muda ambao Hussein alilazimika kuubuni. Kati ya Yombo na kamba ya Pangani kuna miezi miwili hivi, mtu anakimbia akiwa na watu wachache, anapita vijiji vilivyochomwa. Hapo wekeni kujua kwake. Msiharakishe. Mengi ya maonyesho ya vita mnaweza kuyasimulia kwa mistari michache, lakini safari hiyo ya kurudi nyuma ipeni theluthi ya tamthilia.

Liko fundo la pili, chungu zaidi, na nawasihi msilikwepe. Mashamba ya miwa ya Pangani wakati ule yalilimwa na watumwa. Mwenye shamba anapolia kwamba Mjerumani anatunyang'anya uhuru, mtumwa aliyeshika panga kwenye shamba hilo anasikia nini? Hapa ndipo mnapoweza kuwatumia watu wa mji, kama Sophocles alivyowatumia wazee wa Thebes, ila wagaweni sauti mbili: waungwana wa mjini na wafanyao kazi shambani. Waacheni waimbe kwa kupokezana, wasikubaliane. Kwa lugha ya wakati ule someni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa mwambao wa Tanga aliyeishi katika siku hizo hizo. Msiunakili. Usomeni kwa sauti mpaka masikio yazoee mwendo wake, kisha andikeni maneno yenu.

Mtu wa tatu mtakayemhitaji ni Bwana Heri wa Saadani. Naye alipigana, akapigana hata baada ya Abushiri kufa, kisha mwaka 1890 akafanya amani akabaki hai. Mtu anayechagua kuishi akiwa jukwaa moja na anayechagua kufa huwalazimisha watazamaji wachague nao, na hapo mtakuwa mmepata mjadala wa Antigone na dada yake Ismene, asiyethubutu kuvunja amri, bila kutoka Mrima.

Umeniuliza nani yuko sahihi. Wa kwanza ana haki anapodai shujaa wenu aanguke kutoka juu na kwa kosa lake, na hana haki anapodai taji. Wa pili ana haki kwamba cheo si sharti, lakini akumbuke kwamba Willy hakuwa shujaa kwa sababu ya umaskini wake, bali kwa sababu hakukubali kuwa si kitu, hata kwa gharama ya roho yake.

Linalobaki ni uamuzi ambao siwezi kuwafanyia: Abushiri wenu atajua nini pale mwisho, naye atakisema au atakinyamazia? Akisema mbele ya watu kwamba aliwaletea Mafiti na alikosea, mmemwandika kwa njia ya Oedipus. Akifa akiamini bado kwamba wangemfuata laiti asingesalitiwa, mmemwandika kwa njia ya Willy, na itabidi mtu mwingine jukwaani abebe ukweli, pengine yule mtumwa wa shambani. Akijua na kukataa kusema kwa sababu Wajerumani wangeitumia kauli yake, mmefuata njia ya Hussein, ambayo ni ngumu zaidi, maana lazima watazamaji wajue anachokificha. Jaribuni zote tatu mazoezini na mwigizaji yule yule kabla hamjaandika mstari wa mwisho, na mkimaliza nitumieni onyesho hilo moja, si tamthilia nzima. Nitalisoma pamoja na wanafunzi wangu na tutawaandikia tunavyoliona.